Jinsi ya kuchagua vitabu vya rejea vya umeme na elektroniki bila kutupa hela

Wakuu, kila vyuo vikifunguliwa swali ni lilelile, ninunue kitabu gani cha umeme, na majibu nayo ni yaleyale, mmoja anasema chukua Theraja, mwingine anasema Horowitz na Hill (wale wa kitabu cha The Art of Electronics), wa tatu anakurushia lundo la PDF mpaka simu inajaa afu anapotea. Hakuna anayeuliza we unataka ukifanyie nini. Kitabu cha rejea hukisomi toka mwanzo mpaka mwisho kama riwaya, unakifungua umeshakwama, unatafuta kitu kimoja, unakipata, unakifunga unarudi kazini. Kwa hiyo hakichaguliwi kama kile cha kusomea mtihani, na hiki ndo kitu ambacho wengi hawaambiwi wanapotumwa dukani na orodha ya mwalimu.

Hatua ya 1: anza na maswali, majina ya vitabu baadaye

Chukua karatasi uandike vitu vinavyokukwamisha kweli, sio unavyotamani kuvijua. Fundi wa majumbani ataandika mfano waya wa ngapi kwa kuka ya umeme, breka ya ngapi, nipimeje arthi, soketi ngapi kwenye ringi moja. Anayesuka mota ataandika mambo ya poli, sloti, mzunguko kwa dakika, stadelta (ile njia ya kuwasha mota kubwa kwa hatua). Mwanafunzi wa mwaka wa pili atakwama kwenye Thevenin (ile njia ya kurahisisha saketi) na fezi tatu. Anayetengeneza bodi za elektroniki atauliza kwa nini regyuleta (kifaa cha kushikilia voltiji) inachemka, kwa nini opampu (chipu ya kukuza ishara) haifiki volti 5.

Ukimaliza kuandika utaona maswali yote yanaangukia mafungu matatu tu. Kuna ya nadharia, yani kwa nini kitu kinafanya vile. Kuna ya kifaa chenyewe, transista fulani inavumilia ampea ngapi. Afu kuna ya kanuni, yani kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa. Haya mafungu yana makaratasi tofauti kabisa: nadharia ni kitabu cha chuo, kifaa ni datashiti (karatasi ya maelezo ya kifaa anayoitoa mtengenezaji), kanuni ni kitabu cha kanuni chenyewe. Kitabu kinachojitangaza kina vyote vitatu ndani ya kurasa 300, mara nyingi kimegusagusa tu na utajuta.

Hatua ya 2: uliza kitabu kimeandikwa kwa umeme wa nchi gani

Hapa nakaa kidogo maana hapa ndo watu wanaungua, na sisemi kwa mafumbo.

Sisi Tanzania na Kenya tunatumia hertzi 50, volti 230 au 240 kwa fezi moja, 400 au 415 kwa fezi tatu, na soketi zetu ni zile za Kiingereza za meno matatu ya mstatili. Tumerithi mtindo wa Uingereza. Ila vitabu vingi vinavyozunguka mtandaoni ni vya Marekani, kule ni hertzi 60, nyumbani volti 120 na 240, waya unapimwa kwa namba za AWG badala ya milimita za mraba, na kanuni zao ni za kitabu kinachoitwa NEC. Kwa nadharia hamna shida, sheria ya Ohm haina uraia. Shida inaanza pale unaponakili namba. Mota ya poli nne kwenye kitabu cha Marekani utaambiwa kasi yake ya sinkronasi, yani kasi ya sumaku inayozunguka ndani yake, ni 1800 kwa dakika, ya kwetu ni 1500, maana hertzi ni 50. Transfoma iliyochorwa kwa hertzi 60 ukiipa voltiji ileile kwa hertzi 50, sumaku kwenye chuma inapanda kwa asilimia 20, chuma kinashiba, inavuta ampea nyingi, inachemka. Ukitaka kusoma waya, AWG 12 ni kama milimita 3.3 za mraba, kwa hiyo sio 2.5 yetu wala sio 4, usikisie.

Sasa njoo kwenye rangi. Shika waya mweusi mkononi ufungue vitabu vitatu. Kitabu cha Uingereza cha zamani kinasema mweusi ni nyutro. Kitabu cha Uingereza cha baada ya mabadiliko yaliyoanza 2004 kinasema mweusi ni fezi ya pili, maana fezi tatu sasa ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni bluu. Kitabu cha Marekani, mweusi kwa kawaida ni laivu, na nyutro ni nyeupe au kijivu. Yani waya mmoja, majibu matatu, na jibu lisilo la mahali pake linaweza kuua ukiliamini. Bluu nayo hivyohivyo, zamani ilikuwa fezi ya tatu kwenye ile nyekundu njano bluu, leo ni nyutro. Kijivu kwa Mmarekani ni nyutro, kwa kanuni mpya za Ulaya ni fezi ya tatu. Na majengo yetu mengi ya zamani bado yana nyekundu na nyeusi ndani ya ukuta, halafu mtu akaongeza chumba juzi kwa kahawia na bluu. Kwa hiyo kabla hujaamini mchoro wowote wa rangi angalia kitabu kimechapishwa wapi na mwaka gani, na hata ukishajua, tesita na mita ndo zinasema neno la mwisho.

Vitabu vya India, kina Theraja na wenzake, vinatukaa vizuri kwenye hertzi na voltiji maana nao ni 50 na 230, ila rangi zao nyingi ni za ule mtindo wa zamani wa nyekundu njano bluu na nyutro nyeusi, kumbuka tu hilo.

Kuijua nchi ya kitabu ni rahisi: fungua ule ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu wenye haki za kunakili, ona mji wa mchapishaji na mwaka wa toleo. Angalia vizuri kati ya mwaka wa toleo na mwaka wa kuchapwa tena, wauzaji wanapenda kukuonyesha huo wa pili. Kitabu kinaweza kuwa kimechapwa 2019 lakini maneno ya ndani ni ya 1989. Kama huo ukurasa umechanwa, fungua sura ya mota au ya mistari ya umeme uone mifano inatumia hertzi ngapi. Sekunde kumi unajua.

Hatua ya 3: jua kipi kinazeeka na kipi hakizeeki, hapo ndo unaokoa hela

Sheria za Kirchhoff ni za 1845. Thevenin alitoa ya kwake 1883. Hakuna kamati iliyokaa kuzibadilisha, kwa hiyo kitabu cha nadharia ya saketi cha toleo la nyuma, hata matoleo mawili matatu nyuma, nunua tu bila aibu, tofauti kubwa mara nyingi ni namba za maswali na picha za rangi. Isipokuwa kama mwalimu wako anatoa kazi kwa namba za maswali ya toleo jipya, hapo piga picha maswali ya mwenzako, tatizo limeisha.

Mashine za umeme pia hazijabadilika sana kwenye misingi. Mota ya indaksheni ni ileile. Kilichobadilika ni namna ya kuiendesha, siku hizi kuna vile vibadilisha hertzi kila kiwanda, kitabu cha zamani hakina habari hizo au kina ukurasa mmoja wa huruma.

Elektroniki inazeeka kwa namna yake. Nadharia ya transista inadumu, vifaa vinavyotajwa vinapitwa. Opampu ya 741 ilitoka 1968 na mpaka leo vitabu kibao vinaitumia kwenye kila mfano, wakati yenyewe ilizoea volti chanya 15 na hasi 15, ukiiweka kwenye saketi ya volti 5 pembeni ya mikrokontrola pato lake halifiki juu wala halifiki chini, unakaa siku nzima unalaumu programu uliyoandika. Kwa hiyo kwa elektroniki ya kubuni vitu, toleo jipya lina maana. Horowitz na Hill toleo la pili ni la 1989 na la tatu ni la 2015, hiyo ni miaka 26 katikati, ukikuta la pili kwa bei ya kutupa chukua kwa ajili ya namna ya kufikiri, ila majedwali ya vifaa ya mle yapite tu.

Kinachozeeka haraka kuliko vyote ni kanuni. Kitabu cha kanuni za wairingi za Uingereza, BS 7671, toleo la 18 ni la 2018 na limeshafanyiwa marekebisho zaidi ya mara moja, likiwemo kubwa la 2022. Vitabu vya mafundi vinavyofafanua kanuni hizo vinaandika kwenye jalada vinafuata toleo gani. La 16, la 17, hayo yalikuwa mazuri wakati wake. Ukikikuta cha mtumba cha toleo la 16 kitakufundisha kukunja konduiti (bomba la kupitishia waya) vizuri tu, ila usikitumie kubishana na mkaguzi. Na juu ya yote hayo kuna masharti ya nchi yako, Tanzania leseni za mafundi ziko kwa EWURA, Kenya ziko kwa EPRA, hizo ni mamlaka za serikali za kusimamia nishati, kwa hiyo kabla ya kununua kanuni za gharama hakikisha wao wanataka ufuate kipi.

Hatua ya 4: kipime kitabu ukiwa umekishika

Usisome utangulizi, utangulizi wa kila kitabu unasifia kitabu. Nenda nyuma kabisa kwenye faharasa, ile indeksi. Kitabu cha rejea chenye indeksi ya kurasa tatu hakifai, hata kama ndani kuna dhahabu utaifikiaje. Chukua maneno mawili matatu kutoka kwenye ile karatasi yako ya hatua ya kwanza uyatafute. Yakikosekana yote, rudisha kitabu mezani, sema asante.

Yakipatikana, fungua ukurasa wa kitu unachokijua tayari vizuri. Ndiyo, unachokijua. Ukisoma usichokijua huwezi kujua kama kimeelezwa vizuri au wewe ndo huelewi, lakini ukisoma unachokijua unaona mara moja kama mwandishi anaruka hatua, kama mchoro una alama zote, kama hesabu ina vipimo vyake. Fanya hivyo kwenye vitabu vitatu kwa mada ileile ukiwa umesimama palepale, tofauti itakushangaza.

Kwa vitabu vya wairingi nina kipimo kimoja nakipenda sana. Tafuta jedwali la ampea za waya. Waya bapa wa milimita 2.5 wenye insulesheni ya PVC ya nyuzi 70, kwa kanuni za Uingereza, ukipigiliwa wazi juu ya ukuta unapewa ampea 27, ukipitishwa ndani ya konduiti kwenye ukuta uliojazwa vizuia joto unapewa 20. Kitabu kinachokupa namba moja tu ya waya wa 2.5 bila kukuambia umelazwa vipi, kiache. Halafu geuza kurasa uone kama kina jedwali la pili la kurekebisha kwa joto, maana zile 27 ni kwa hewa ya nyuzi 30. Darini chini ya mabati Dar au Mombasa saa nane mchana nani ana nyuzi 30? Kwa nyuzi 40 unazidisha kwa 0.87, kwa nyuzi 50 unazidisha kwa 0.71, yani ile 27 inabaki 19 na kidogo, na hapo fundi alishaweka breka ya 32 anasema waya mnene huu hauna shida. Kitabu chenye jedwali la kwanza bila la pili ni hatari kuliko kutokuwa na kitabu, kinakupa ujasiri usio na msingi.

Kwa vitabu vya nadharia angalia mifano iliyofanywa mpaka mwisho na majibu ya maswali nyuma. Hapa ndo Theraja anapendwa, mifano iliyotatuliwa ni mingi balaa, na vitabu vyake viko vinne: cha kwanza misingi, cha pili mashine, cha tatu usafirishaji na usambazaji wa umeme, cha nne vifaa vya elektroniki. Vinauzwa kimoja kimoja pia, huna sababu ya kubeba vyote. Maoni yangu, cha pili na cha tatu vina thamani yao mpaka leo, cha nne ningekiruka nikaweka hela kwenye kitu kingine. Najua kuna watu watakasirika. Sedra na Smith (wale wa Microelectronic Circuits) ni kwa anayetaka kuielewa transista kwa hesabu na ana mtihani, Horowitz na Hill ni kwa anayetaka saketi ifanye kazi leo jioni, na hao wawili wala hawashindani, ni kama jembe na panga.

Cheki pia alama za michoro. Rezista ya msumeno ni mtindo wa Marekani, ya kiboksi ni ya kimataifa. Zote utakutana nazo, ila kwa anayeanza kitabu chenye alama za chuo chako kinapunguza kelele kichwani.

Hatua ya 5: kabla hujalipa, angalia vya bure vya halali

Vipo, tena vizuri. Tony Kuphaldt ana mfululizo wa masomo ya saketi za umeme, toka DC mpaka dijitali, unapakua bure kwa leseni ya wazi, kwa anayeanza sioni sababu ya kununua kitabu cha misingi kabla ya kuumaliza huo. Schneider Electric wana mwongozo wa ufungaji umeme unaofuata kanuni za kimataifa za IEC 60364, upo wazi mtandaoni. Texas Instruments walitoa kitabu kizima cha opampu bure. Ila bando linaisha, kwa hiyo pakua ukiwa kwenye wifi ya chuo uhifadhi kwa majina yanayoeleweka, sio yale majina ya tarakimu thelathini.

Halafu datashiti. Hii ndo rejea ya kifaa, kitabu chochote kikipingana na datashiti, datashiti inashinda. Mfano LM317, regyuleta ambayo kila fundi wa Kariakoo au Luthuli Avenue anayo kwenye droo. Pato lake ni volti 1.25 × (1 + R2/R1), R1 na R2 zikiwa rezista mbili unazoweka kupanga voltiji. Vitabu na michoro mingi mitandaoni inaweka R1 ya ohm 240. Sasa fungua datashiti uone mstari wa mzigo mdogo kabisa: LM317 inaweza kuhitaji mpaka miliampea 10 ili ishike voltiji. Gawanya 1.25 kwa 240 unapata miliampea 5.2 tu. Ile 240 inamfaa ndugu yake LM117 ambaye anaridhika na 5. Kwa 317 weka ohm 120 upate 10.4, la sivyo pasipokuwa na mzigo voltiji inaweza kupanda yenyewe na wewe unadhani umeuziwa feki. Kitabu kinachoeleza jambo hili ni kitabu cha mtu aliyeshika pasi ya kulehemu mkononi, na hicho ni kipimo kingine kizuri ukiwa dukani: tafuta LM317 kwenye indeksi uone ameandika nini.

Ukipakua datashiti chukua kwa mtengenezaji mwenyewe, na soma pia zile karatasi za matumizi wanazotoa pembeni, nyingine zina maelezo kuliko sura nzima ya kitabu.

Hatua ya 6: kununua sasa

Usinunue vitabu vitano siku moja. Kimoja cha misingi cha toleo la nyuma, kimoja cha fani yako, basi, vingine vitajileta kadiri kazi inavyokukwamisha. Cha kanuni nunua kama una leseni au unaitafuta, na mkiwa mafundi watatu wanne mnaofanya kazi pamoja changeni kimoja.

Mitumba inayotandikwa chini mjini ni migodi, ila kikague: kurasa za katikati zipo? majedwali ya mwisho hayajachanwa? Wanafunzi wanapenda kuchana majedwali, sijui wanapeleka wapi. Toleo la bei nafuu la India au lile linaloitwa la kimataifa maneno yake kwa kawaida ni yaleyale, karatasi ndo nyepesi na maswali pengine yamepangwa upya. Fotokopi iangalie kwenye grafu na nukta za desimali, 0.87 ikisomeka 087 au nukta ikipotea kabisa umenunua balaa. Na kama kitabu kilikuja na majedwali ya kukunjua, fotokopi huwa imeyakata pembeni.

Hatua ya 7: kifanye kiwe chako

Siku ya kwanza tafuta orodha ya makosa ya kitabu hicho, waandishi wengi wakubwa wanaiweka mtandaoni, kaa nayo na penseli usahihishe ndani. Weka vibandiko kwenye kurasa tano unazozifungua kila wiki. Kwenye jalada la ndani andika hertzi, rangi za waya na toleo la kanuni ambalo kitabu kinafuata, ili fundi msaidizi wako akikichukua siku haupo ajue anasoma cha nchi gani. Na ukikiazimisha piga picha ya aliyekichukua akiwa amekishika, maana vitabu vya umeme havirudi vyenyewe.